Chumba Nisichokimulika

Watu wa Uvira wananunua nyumba kama wanavyonunua ndagala, dagaa za ziwa letu: wanaangalia juu ya ndoo. Za juu zikiwa zinang'aa, basi, wanatoa hela. Chini kuna zilizooza tangu juzi, lakini nani atatia mkono? Mimi kazi yangu ni kutia mkono. Mtu akitaka kununua nyumba ananiita kwanza. Naingia na tochi, napanda darini, nachungulia pembe, nagonga kuta, kisha namwambia kama itasimama au haitasimama. Jina langu Ndayiragije. Nilikuwa mwashi kwa miaka ishirini na moja, na kuta nilizozijenga zingali wima, jambo ambalo wenzangu wengi hawawezi kulisema bila kukohoa.

Wako wengine mjini wanaojiita wakaguzi. Nimewaona wakifanya kazi. Wanasimama katikati ya sebule, mikono nyuma, wanatazama huku na huku kama askofu aliyekuja kufungua shule, wanasema, "Iko muzuri," wanakunywa soda, wanaondoka. Kila mmoja wao anaijua ile methali ya kuziba ufa. Ufa wenyewe hawaujui.

Mwezi wa tano alinijia mjane mmoja, Generose, anayeuza mawese soko la Mulongwe. Alitumwa na Norbert. Hilo peke yake lingetosha kunishtua, kwa sababu Norbert ni komisioneri, yaani mtu anayewakutanisha muuzaji na mnunuzi na kuwadanganya wote wawili kwa haki sawa, na tangu nimjue hakuwahi kuniletea mteja. Mkaguzi kwake ni mdudu wa kwenye mchele. Lakini sikujiuliza. Nilidhani hatimaye amekubali kwamba mimi ni bora, na wazo hilo lilinipendeza.

Generose alikuwa amepanga Kavimvira, karibu na maji. Mwaka ule ziwa lilipopanda, maji yalikaa msingini mwa nyumba yake wiki tatu. Yakashuka, watu wakashangilia, fundi mmoja akaja, akagonga hapa na pale, akasema warudi tu. Siku ya nne ukuta ukamwangukia binti yake Noella kitandani. Mtoto alipona, mguu wake haukupona vizuri. Sasa mama huyu alikuwa amepata nyumba ya kununua, Kalundu, upande wa juu wa bandari.

"Papa Délice," aliniambia, maana Délice ni binti yangu wa kwanza, "minye siulize kama nyumba iko muzuri. Nauliza kitu kimoja tu: kuta zitasimama batoto bakilala?"

Nilimheshimu kwa swali hilo. Siheshimu wateja wengi. Wengi huuliza kama vigae vya sebuleni vimetoka Dubai.

Tatizo lilikuwa moja. Tochi yangu ilikuwa imekufa wiki hiyohiyo. Ilinitoka mdomoni nikiwa darini kwa mtu, ikaangukia ndani ya pipa la maji, na mwenye nyumba akalalamikia maji yake. Nikamwambia Generose anisubiri hadi ninunue nyingine. Akasema hasubiri, tutakwenda wote.

"Nataka nione kile utaonea," alisema.

Norbert naye akajipachika nyuma yetu, amevaa viatu vyenye ncha, akisema kwamba tochi ni kupoteza wakati, simu yake ina mwanga wa kutosha. Norbert huangalia nyumba kwa simu. Akiwa anamulika ukuta, mtu akimpigia, anageuka kuongea, na ukuta unabaki gizani ukicheka.

Muuza tochi, Itangishaka, ana kibanda cha matofali chenye giza zuri, na hiyo ndiyo sababu pekee ninayoenda kwake. Aliniwekea mezani kwanza ile nyeusi, ndefu kama mchi wa kutwangia.

"Hii iko ya polisi, muzee. Soma hapa. Inafika kilomita moja!"

"Kilomita moja," nikasema. "Chumba kikubwa cha Uvira kina mita nne. Hizo zingine zote nizipeleke wapi, Bujumbura?"

Akaleta ya pili, ile ya kuvuta kichwa mbele na nyuma. Niliiwasha. Ukivuta, inatoa kipande cha mwanga cha mraba kikali sana, na pembeni giza tupu. Nikamwambia hii ni ya mtu anayejua tayari ufa uko wapi na anataka kuupiga picha. Ya tatu ilikuwa ya kufunga kichwani, taa nne, mwanga wa buluu kama maziwa yaliyotiwa maji. Hiyo niliikataa hata kabla hajamaliza kuniambia bei.

"Hii peleka kwenye mitumbwi. Ndagala ndio wanaokimbilia mwanga mkali. Ufa unajificha."

Ya nne ilikuwa na redio, king'ora, na tundu la kuchajia simu. Norbert aliipenda. Aliibonyeza ikalia hadi watu wakageuka barabarani. Kuna watu ambao ukiwadharau kwa maneno unapoteza mate.

Na zote nne zilikuwa za kuchaji umeme. Umeme wa hapa ni kama shemeji: anakuja siku usiyomtazamia, na ukimngoja haji. Mtu akiniambia atakagua nyumba kwa tochi ya kuchaji, najua hajawahi kukwama darini, amelala kifudifudi juu ya mbao, popo wanampita masikioni, na mwanga unaanza kuwa mwekundu.

"Iko wapi ile ya pile mbili, zile betri za kutia?" niliuliza.

Itangishaka akachekea puani. Alidhani sina hela. Akainama chini ya meza, akatoa kitochi cha bati, kimefunikwa vumbi, cha urefu wa shubiri. Nikakipuliza. Nikatia betri, nikakiuma.

"Muzee, hiyo haiko ya kula!"

"Darini mikono yote miwili inashika mbao. Tochi inakaa mdomoni. Ile yako ya polisi ingenivunja taya."

Nikamwambia afunge mlango. Akafunga, akinung'unika kwamba wateja watadhani ameibiwa. Nikamwita Generose karibu na ukuta wa nyuma, ule usio na rafu. Kwanza nikachukua ile ya kilomita moja, nikaumulika ukuta usoni. Ukawa mweupe wote, laini, kama umepakwa jana.

"Unaona nini?"

"Ukuta muzuri."

"Kila mjinga anaona ukuta mzuri."

Kisha nikawasha kitochi changu. Mwanga wake ni wa manjano kidogo, mpana, mpole, hauna shimo jeusi katikati. Nikakigusisha na ukuta, nikakilaza kabisa, mwanga ukitambaa juu ya chokaa. Ukuta ule ukabadilika sura. Kila kibonge kikawa na kivuli chake. Kila mahali mwiko ulipopita pakaonekana. Nikampa Generose. Akalaza mwanga taratibu, kutoka kushoto kwenda kulia, hana haraka, na katikati ya ukuta akasimama.

"Hapa palikuwa mulango," alisema.

Kweli. Mstari ulisimama wima hadi juu, ukakata, ukashuka. Mtu aliuziba mlango miaka mingi iliyopita. Itangishaka, aliyeuza tochi ndani ya kibanda hicho tangu akiwa kijana, alikuja kuushika kwa kidole mlango ambao hakuwahi kuujua. Norbert alisema, "Lakini hiyo haina maana." Kwa Norbert kisichouzwa hakina maana.

Tukanunua kitochi. Nilipokuwa nakifunga kwa kipande cha mpira wa baiskeli ili meno yangu yasiteleze, Norbert akaanza kuisifu nyumba: ya mama mmoja mjane, mlango wa kijani, juu ya njia inayoteremka bandarini, nyuma imegusana na ukuta wa jirani. Mikono yangu ikasimama.

Ilikuwa nyumba ya mama mkwe wangu.

Nilijua kwamba anauza. Mke wangu, Josée, alikuwa ameniambia, na nilidhani mama anataka kwenda kukaa na mwanawe mwingine huko Sange. Hapo hapo ningepaswa kumwambia Generose: mama, nyumba hii mimi siikagui, tafuta mwingine. Kwetu mkwe haingii chumba anacholala mama mkwe wake. Si jambo la kujadili. Nimeoa miaka kumi na sita, na mama huyo na mimi hatujawahi kutazamana usoni zaidi ya salamu. Tukikutana njiani mmoja anapisha. Akitaka kuniambia jambo anamtuma Josée.

Sikusema. Nilijiuliza swali ambalo kila mwenye kiburi hujiuliza: nikikataa, ataitazama nani? Norbert na simu yake?

Alhamisi asubuhi tukapanda Kalundu, Generose, Norbert na mimi. Mama mkwe alikuwa amejitoa, yuko kwenye jiko la nje, nyuma ya ukuta mfupi wa matofali. Nikasalimia nikiwa nimegeuzia uso upande wa ziwa, yeye akajibu bila kutoka. Generose hakulitia maanani. Alidhani labda nina adabu.

Nyumba ilinuka chokaa mbichi. Huo ulikuwa ushauri wa Norbert, hakuna mwingine. Huyu mtu angeweza kumpaka chokaa maiti akamuuza kama bwana harusi. Lakini nilifanya kazi yangu. Nilipanda darini na kitochi mdomoni, nikapita ubao kwa ubao, nikaukwaruza kila mmoja kwa kisu: hakuna mchwa. Nikashuka, nikalaza mwanga kwenye kuta za sebule, zote nne, kutoka chini hadi juu. Nzima. Chumba cha kwanza, kizima. Cha pili, nyufa mbili za plasta tu, nyembamba, zisizoenda popote. Nilianza kumsifu moyoni marehemu baba mkwe, maana yeye ndiye aliyeijenga, na mimi si mwepesi wa kusifu mwashi mwenzangu.

Nikafika mwisho wa kijia cha ndani. Hapakuwa na mlango, palikuwa na pazia la maua mekundu, limeshuka hadi chini.

Nikazima tochi. Mkono wangu ulifanya hivyo wenyewe. Nikasimama mbele ya lile pazia nimeinamisha kichwa, kama mtoto aliyetumwa kuomba chumvi. Nikagonga ukuta kwa upande wa huku, mara tatu, ukaitika vizuri. Nikajiambia: fundi ni yuleyule, msingi ni uleule, vyumba vitatu ni vizima, kwa nini cha nne kiwe kibovu? Hoja hiyo nimeisikia kwa wajinga wengi, na siku zote nimewacheka. Nikageuka, nikatoka uani.

"Itasimama," nilimwambia Generose.

Alinitazama. "Yote?"

"Yote."

"Na chumba ya nyuma?"

"Nimesema yote, mama."

Norbert alikwishaanza kupiga makofi. Generose hakupiga. Sijui aliona nini usoni mwangu, au labda hakuona kitu, labda alikuwa tu mama aliyewahi kuambiwa na fundi mmoja kwamba arudi ndani. Akanyoosha mkono.

"Nipe tochi."

Ningekataa kwa sababu gani? Nikampa. Akaingia. Norbert akamfuata mbio, akisema hakuna haja, mzee ameshaona, mzee ndiye mkubwa wa kazi hii Uvira nzima. Kwa mara ya kwanza maneno yake yalikuwa ya kweli na yalinichoma. Nikabaki uani peke yangu. Nilisikia hatua zake zikipita sebuleni, zikapita kijia, zikasimama. Nikasikia pete za pazia zikisukumwa. Kisha kiti kikakokotwa kutoka sebuleni hadi kule.

"Papa Délice, kuya!"

"Siwezi."

"Juu ya nini hauwezi?"

Aliyejibu ni Norbert, anacheka kidogo, ile sauti ya mtu anayefichua siri isiyomgharimu kitu. "Mama, iko chumba ya mama mukwe wake. Haingiaka mule."

Generose alitoka na chokaa kwenye mkono wa blauzi hadi kiwikoni. Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Alinieleza kile alichokiona kwa utaratibu, kama nilivyomfundisha kibandani kwa Itangishaka: ukuta wa nyuma, kiraka kipana kama kiganja kinatoka pembeni juu kinateremka hadi dirishani, udongo umeshindiliwa ndani na kupakwa chokaa, na kule juu ukuta umeachana na boriti. Amepanda juu ya kiti cha sebuleni, ametia vidole vinne kwenye nafasi hiyo, vimeingia vyote. Ukuta wote unaelekea ndani.

"Ungeniambia, 'Mama, chumba ile sikuona, naogopa haya,' ningekuelewa," alisema. "Minye pia niko mwana wa watu. Lakini weye umesema yote. Ule fundi wa Kavimvira naye alisema yote. Yeye alikuwa mujinga tu. Weye unajua."

Akaiweka tochi juu ya kigoda, hakunipa mkononi. Akamwambia Norbert amtafutie nyumba nyingine au aache kabisa, akateremka njia ya bandarini, kitenge chake kimekazwa kiunoni, na hakugeuka. Norbert alisimama akinitazama, akatikisa kichwa kwa huruma. Norbert, kunihurumia mimi! Kisha naye akaondoka, anapiga simu.

Nilitaka kuondoka pia. Nilikuwa nimeshaelekea langoni.

"Mukwe."

Sauti ilitoka nyuma ya ukuta wa jiko. Miaka kumi na sita hakuwahi kuniita mwenyewe. Nikasimama, uso chini.

"Kitanda nilikitosha tangu asubuhi," mama mkwe alisema. "Nilikipeleka kwa jirani, na nguo zote. Chumba iko butupu. Nilisema, kama hakuna kitanda, haiko tena chumba ya kulala, mukwe wangu ataweza kuingia. Haukufungua hata pazia?"

"Hapana, mama."

Nilisikia akisogeza sufuria. Aliposema tena sauti yake ilikuwa ya uchovu tu.

"Tangu mvua ya mwezi wa pili ukuta ule unalia usiku. Nilimutuma Josée kwako mara mbili."

Ni kweli alimtuma. Mara ya kwanza nilikuwa nakula, nikamwambia Josée kwamba nyumba za wazee zinalia kama magoti yao. Mara ya pili nilicheka tu. Nilikuwa na nyumba za watu za kukagua.

"Basi nilifikiri," mama mkwe aliendelea, "kama hawezi kuja juu yangu, atakuja juu ya mununuzi. Nilimuita Norbert, nikamwambia nauza, lakini kila mununuzi amupeleke kwanza kwa mukwe wangu. Sinaga pa kwenda, mukwe. Nyumba sikutaka kuiuza. Nilitaka uingie."

Niliichukua tochi pale kigodani, nikapita sebuleni, nikapita kijia, nikaingia. Chumba kilikuwa kitupu kama alivyosema, kimefagiwa. Nilipolaza mwanga sakafuni niliona alama nne za miguu ya kitanda, zimezama kwenye saruji kwa miaka mingi, na upande wa kichwani ulikuwa chini kabisa ya ule ukuta.